Kwanja, korona na gramu hamsini

Kama umesoma shule ya serikali hapa Tanzania, mkono wako unalijua kwanja. Wengine mnaliita fyekeo, wengine slesha, lakini adhabu ilikuwa ile ile: unapimiwa kipande nyuma ya madarasa, ukimaliza ndipo unaingia kipindi. Wajanja walijua siri mbili. Kwanza, wahi kwanja lenye makali kabla wenzako hawajaligombania. Pili, anza asubuhi na umande, maana jani lenye maji linasimama na kukatika, ila likinyauka linalala tu. Jambo la tatu hakuna aliyelifikiria, hata mimi: hatukuwahi kupima uzito wa kwanja.

Na kwa nini tungepima? Kwanja moja, mkono mmoja. Likiwa zito kidogo mkono unazoea. Ukilinoa kwa tupa hadi likabaki jembamba kama utepe, shida yako ni kulipinda ovyo, basi. Mkono wa binadamu unasamehe.

Hivi karibuni nilikuwa Kimbiji, kule mwambao wa kusini mwa Dar es Salaam, ambako wengi bado tunasema "Temeke" ingawa siku hizi ni Wilaya ya Kigamboni. Nilikwenda kwa shughuli za familia, nikaishia chini ya mnazi nikimtazama mzee mmoja amekaa mbele ya mashine iliyopinduliwa. Ilikuwa mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta, ile yenye shafti iliyolala, na visu vingi vifupi vimening'inia kila upande. Wauzaji wanaiita fleli. Nami nitaiita hivyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndio yule anayesoma mambo ya mashine? Haya, njoo uniambie hii inaumwa nini."

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Msimu mmoja, beringi tatu. Bolti zinalegea kila siku. Visu vyote amevinoa mwenyewe kwa grenda, kimoja kimoja, hadi vinakata karatasi. "Vinanyoa ndevu hivi," akasema, "lakini trekta zima linatetemeka kama lina homa ya malaria." Na haraka ilikuwepo: shamba lina mikorosho, na bibo likishaiva linaanguka lenyewe. Usipokuwa umefyeka chini, korosho unazitafuta kwenye majani kama umepoteza pete. Beringi ya nne ingemla faida yote.

Sasa, jibu la ugonjwa ule nililifahamu kwa namba. Lakini niliporudi nyumbani nikaanza kusoma historia yake, nikakuta kwamba nchi hii imepita mlango huo zaidi ya mara moja. Ngoja nikuoneshe.

Kuna njia mbili za kukata jani. Ya kwanza ni ya mkasi: makali mawili yanakutana, jani likiwa katikati. Ya pili ni ya kwanja: kofi moja la kasi, jani linakatika kwa sababu halikupata muda wa kukwepa. Mashine ya kwanza ya kukata nyasi za bustani ilichukua njia ya mkasi. Aliyeibuni ni Mwingereza, Edwin Budding wa Stroud, na hataza yake ni ya mwaka 1830. Wazo alilipata kiwandani, kwenye mashine iliyokuwa ikipunguza manyoya juu ya kitambaa cha sufu. Mashine ya mkasi inataka makali kweli kweli. Ikipata butu inatafuna nyasi badala ya kuzikata. Na ikikutana na kijiti au jiwe, imekwisha.

Fleli ni njia ya pili. Ni makwanja madogo mengi yaliyofungwa kwenye shafti moja, ila hayakukazwa. Yananing'inia kwenye pini. Ukitaka kujua mababu zake, kumbuka watu wanavyopura mpunga kwa fimbo. Ulaya walikuwa na fimbo ya kupuria yenye vipande viwili vilivyounganishwa kwa ngozi, kipande cha mbele kinabembea na kupiga, na jina la mashine linatoka huko. Uzuri wa kubembea ni huu: kisu kikigonga kisiki kinakunja mgongo, kinapita, kinarudi kusimama. Kinachokisimamisha si chuma, ni mzunguko wenyewe. Injini ikizimwa vyote vinalegea na kuning'inia kama mikono ya mtu aliyelala.

Wala usidhani kwamba hujawahi kuiona. Nenda mashine ya kusaga ya mtaani kwenu. Ndani ya lile tumbo la chuma lililojaa unga kuna shafti, na kwenye shafti kuna vipande vya chuma bapa vinavyobembea kwenye pini. Mafundi wanaviita nyundo. Hazina makali hata kidogo, na mahindi yanakuwa unga.

Sasa tupande kaskazini kidogo, hadi Pangani. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge. Iliyofika hai na kupandwa ilikuwa 62. Kutoka hiyo 62 likaja zao ambalo miaka ya 1960 liliifanya Tanganyika iongoze duniani kwa mkonge, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka wa kilele. Lakini mkonge una tatizo la kikatili: jani ni zito, limejaa maji na nyama, na katani ndani yake ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Asilimia 96 inapaswa kuondoka, na iondoke siku ile ile, kabla jani halijakauka.

Mashine iliyofanya kazi hiyo kila anayetoka Tanga anaijua kwa jina: korona. Jina ni la mashine ya Kijerumani iliyotengenezwa na kiwanda cha Krupp huko Magdeburg, na likabaki hata kwenye mitambo iliyokuja baadaye kutoka kwingine. (Ndiyo, lilikuwepo muda mrefu kabla ya kile kirusi.) Ndani ya korona kuna ngoma kubwa za chuma zinazozunguka, na juu ya kila ngoma kuna visu. Hapa ndipo pazuri: visu hivyo ni butu. Kwa makusudi. Kisu kikali kingekata nyuzi. Kinachotakiwa ni kupiga na kukwangua nyama ya jani dhidi ya ukuta wa chuma, huku maji yakisafisha, nyuzi zibaki nzima. Nafasi kati ya kisu na ukuta ni ndogo mno. Visu viwe sawa, nafasi iwe sawa, ngoma izunguke bila kuyumba. Ikiyumba, upande mmoja itakata katani na upande mwingine itaacha nyama.

Unaona mambo yanavyogeuka? Kwenye kwanja la shule tulishindania makali. Kwenye korona makali ni kosa, na kinachoshindaniwa ni usawa. Wafanyakazi wa mashamba ya mkonge walikuwa wanaishi na kanuni hiyo muda mrefu kabla trekta la fleli halijafika Kimbiji.

Kituo cha pili ni Kongwa, Dodoma, na hapa somo lilikuwa ghali. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 likatoka wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwenye zaidi ya ekari milioni tatu, kwa gharama ya karibu pauni milioni 25, kwa nguvu za mashine. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta mengi yalikuwa masalia ya vita, na kulikuwa na aina moja iliyoundwa kutokana na vifaru vya Sherman, ikaitwa Shervick. Watu wanapenda kusimulia habari hiyo kama kichekesho cha wakoloni waliosahau kuuliza Wagogo kuhusu mvua, na kweli walisahau. Lakini mimi nakuomba uangalie chini, kwenye udongo.

Udongo wa Kongwa kiangazi unakauka na kuwa mgumu kama tofali la kuchoma, na ndani yake umejaa chembe za kwatzi. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu, 1 hadi 10, kwa kuangalia lipi linachora lipi. Kwatzi ni 7. Chuma cha kawaida ni 4 hadi 5. Hata tupa yako ngumu iko karibu 6 na nusu. Kwa hiyo kila bapa la plau na kila kisu cha kukatia mizizi kilichoingia ardhini pale kilikuwa kinasuguliwa na kitu kigumu kuliko chenyewe, saa zote, siku nzima. Vyuma vililika. Mwanzoni mwa 1951 mradi ulifutwa, na pauni milioni 36 zikaandikwa hasara.

Sasa chukua mchanga ule mweupe wa Kimbiji, uusugue kati ya vidole. Ni kwatzi pia, imechanganyika na vipande vya matumbawe. Dereva wa trekta akishusha fleli chini mno ili mwenye shamba aone "imekata vizuri", visu vinaanza kulamba mchanga. Na havilambi sawa. Tairi linapita kwenye tuta, upande mmoja unashuka. Visu vya kona vinaisha, vya katikati vinabaki. Halafu anakuja fundi mwenye bidii na grenda. Kilichochongoka kidogo anakinoa kidogo, kilicho butu sana anakinoa sana. Kila kimoja anakipa makali yaleyale, na kila kimoja anakipokonya chuma tofauti.

Basi ndicho alichokifanya mzee wangu. Alivipa makali vyote. Kwa kunoa kwake ndiko alikoileta ile homa.

Hebu tufanye hesabu, haitakuuma. Shafti ya trekta nyuma inazunguka mara 540 kwa dakika, namba ambayo watengenezaji walikubaliana tangu miaka ya 1920. Giaboksi na mikanda ya fleli vinaipandisha. Tuseme hadi 2,000. Hiyo ni mara 33 kwa sekunde moja. Tuseme uzito wa kisu uko sentimita 20 kutoka katikati ya shafti. Nguvu ya kuvuta nje ni uzito mara umbali mara kasi ya mzunguko, na kasi hiyo unaizidisha kwa yenyewe. Ukipiga hesabu unapata kwamba kila gramu inavuta kama karibu gramu 900. Kisu cha nusu kilo kinaivuta pini yake kwa nguvu ya kilo 450 hivi, karibu uzito wa ng'ombe mkubwa. Vikiwa viwili vinatazamana na vina uzito sawa, kila mmoja anamvuta mwenzake, shafti katikati haijui kitu. Kimoja kikiwa chepesi kwa gramu 50, tofauti ni kilo 45. Ni sawa na mfuko mzito wa saruji, ukosee kilo tano tu, unaoirusha shafti juu, chini, mbele, nyuma, mara 33 kila sekunde. Gramu 50!

Ile "mara yenyewe" kwenye kasi ndiyo inayotenganisha mkono na mashine. Ongeza mzunguko mara mbili, kosa lilelile linakuwa mara nne. Ndiyo maana pangaboi la hosteli linalegalega miaka kumi na halianguki, linazunguka polepole. (Kwa taarifa yako, pangaboi halina uhusiano na panga, neno limetoka India, kwenye punkah, pepeo kubwa la kitambaa lililokuwa na mtumishi wa kulivuta kwa kamba.) Na ndiyo maana tairi la gari usipolifanyia balansi unalisikia barabara kuu na si kwenye foleni ya Kigamboni.

Wahandisi wenyewe walichelewa kulielewa. Mwaka 1869 Mskoti William Rankine aliandika kuhusu shafti zinazoyumba na akahitimisha kwamba kuna kasi ambayo huwezi kuipita. Ilibidi Msweden Gustaf de Laval aje kujenga tabo ya mvuke mwaka wa 1889 na kuipitisha kasi hiyo kwa shafti nyembamba inayonyumbuka, ndipo watu wakaamini. Maelezo kamili ya kwa nini iliwezekana yalikuja 1919. Katikati, mwaka 1907, Mjerumani Franz Lawaczeck alipata hataza ya mashine ya kupimia balansi, na kampuni ya Schenck ya Darmstadt ikaanza kuitengeneza. Mashine ya kubalansi matairi pale gereji ni mjukuu wa ile.

Na beringi je? Mwaka 1947, mwaka uleule matrekta yanaingia Kongwa, Wasweden wawili, Lundberg na Palmgren, walichapisha kanuni ya maisha ya beringi. Kwa beringi ya gololi, ukiongeza mzigo mara mbili, maisha hayapungui nusu. Yanabaki moja ya nane. Beringi ya kudumu misimu minane inakufa kwa mmoja. Niliposoma hilo nilimkumbuka mzee na beringi zake tatu.

Turudi chini ya mnazi, basi. Kwanza tulitoa ufunguo wa trekta, tukachomoa shafti ya nyuma, tukaweka magogo chini ya mashine. Sitalirudia hili, ila usilisahau. Kabla ya kugusa kisu chochote tulikata kamba zilizojizungusha kwenye shafti: nailoni ya viroba, na kamba ya katani, mkonge umetufuata hadi huku. Kamba iliyojifunga upande mmoja nayo ni uzito. Kisha tukavitoa visu vyote, tukavisugua udongo, tukaviandika namba kwa chaki, tukaomba mzani wa kidijitali dukani kwa jirani. Mzee alicheka. "Tunapima visu kama dagaa?"

Tulipima kama dagaa. Na bolti zake pia, maana baadhi zilikuwa za asili na nyingine fupi za kuungaunga. Hapo kicheko kikaisha, kwa sababu visu viwili alivyovinunua vipya katikati ya msimu vilikuwa vizito kuliko vya zamani kwa mbali, na vyote viwili vilikaa upande mmoja.

Kiwango cha kimataifa cha balansi, ISO 21940-11 (zamani ISO 1940), kinaweka mashine za kilimo kwenye daraja la G16. Usijali jina. Kwa shafti na visu vyenye jumla ya kilo 60 na kasi tuliyoitumia juu, maana yake ni kwamba kosa lote linaloruhusiwa, likiwa sentimita 20 kutoka katikati, ni kama gramu 23. Mzani wa dukani unaoona gramu moja unatosha kabisa kwa upande wa visu.

Kazi yenyewe ni ya kupanga wachumba. Vilivyolingana uzito vinakaa vikitazamana, kimoja huku, mwenzake upande wa pili wa shafti, mahali palepale. Hilo la "mahali palepale" ni muhimu. Fikiria muuza maji na mzega wake. Ndoo sawa, mzega umetulia. Sasa fikiria shafti ndefu: ukiweka kizito kimoja juu ncha ya kushoto, na kizito kingine chini ncha ya kulia, jumla ziko sawa, mashine ikisimama utaona imetulia. Ikizunguka, ncha hii inavutwa juu wakati ile inavutwa chini, na shafti inapiga kichwa kama mtumbwi kwenye mawimbi. Kwa hiyo wachumba walale mkabala, na jozi nzito zigawanywe sawa kushoto na kulia.

Ambapo jozi haikupatikana, tulipunguza kizito. Hatukumwongezea chepesi kwa kuchomelea. Hili mzee alilipinga, maana kuchomelea ni rahisi. Lakini chuma kilichofanywa kigumu ukikichomelea ovyo kinapata ufa, na kipande kikitoka kinatoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa, na huwezi kujua kinaelekea kwa nani. Huyo anayepita njiani na ndoo kichwani hana habari na balansi yako.

Kuhusu makali: kidogo yanatosha. Fleli inapiga, hainyoi ndevu. Tulifuata mwinamo wa awali, upande ule ule mmoja, tukachovya kisu kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Rangi ndiyo kipimo. Chuma kikianza kuwa cha manjano ya majani makavu kimefika kama nyuzi 230. Kikiwa bluu kimefika kama 300, na ugumu umeshaondoka. Visu kadhaa vya mzee vilikuwa na ncha za bluu. Ndivyo vilivyokuwa vinaliwa haraka zaidi na mchanga.

Mwisho tukakagua pini na matundu. Tundu lililokuwa duara likishakuwa yai, kisu kinasogea nje, na umbali nao umo kwenye hesabu. Pini nne zilitupwa.

Jioni aliiwasha, akapandisha mafuta taratibu. Aliweka kikombe cha chai juu ya bodi ya trekta, akakitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akashusha mashine kwenye nyasi, safari hii vidole vinne juu ya mchanga. Visu vilivyobaki bila wachumba, vitano, amevitia kwenye kopo la rangi, kila kimoja kimeandikwa uzito wake kwa chaki, vikisubiri wenzao waishe.